Mtoto wa Nyoka ni Nyoka: Kwa Nini Mamba ni Ndugu wa Kuku

Wiki mbili kabla ya testi ya kwanza ya Zoolojia tulikaa watano kwenye kimbweta, madesa mezani, tukiulizana maswali. Mwenzetu mmoja akatupa swali lililoonekana la bure kabisa: "Kati ya mamba, mjusi na kuku, wawili gani ni ndugu wa karibu zaidi?" Wanne tukajibu kwa sauti moja: mamba na mjusi. Jamani, si wote wana magamba, damu baridi na miguu minne? Akatikisa kichwa. Jibu ni mamba na kuku. Tukabisha mpaka giza likaingia. Kesho yake tukaenda maktaba ili tumuumbue, tukarudi tumeumbuka sisi.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tumeingia chuo na orodha ile ile: mamalia wana manyoya, wanazaa, damu moto, reptilia wana magamba, wanataga, damu baridi. Orodha hiyo ilituvusha sekondari. Hapa inaweza kukupeleka kwenye sapu, na si kwa sababu ya ukali wa mwalimu. Swali lenyewe limebadilika. Kule tuliulizwa wanyama wanafananaje. Hapa tunaulizwa nani kazaliwa na nani.

Orodha inavuja

Ipime mwenyewe. Kakakuona ana magamba mwili mzima, lakini ni mamalia. Kifutu hatagi mayai, anazaa watoto hai, na bado ni nyoka. Platipasi wa Australia ana manyoya na ananyonyesha, lakini anataga mayai. Wanasayansi walilithibitisha hilo mwaka 1884. Yupo pia fuko uchi wa Kenya, Ethiopia na Somalia: manyoya yake ni ya kuhesabu, na hawezi kulishikilia joto la mwili kama mamalia wengine. Ukimpima kwa orodha ya sekondari hujui umweke wapi, ila mama yake alimnyonyesha, basi ni mwenzetu.

Fikiria ukoo

Sasa weka orodha pembeni, fikiria ukoo wenu. Mtu ni wa ukoo kwa sababu ya alikotoka. Mavazi hayahusiki. Binamu yako aliyekulia mjini, anayeongea na kuvaa tofauti na nyie, ni wenu tu. Jirani mnayefanana naye kama mapacha si wenu.

Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu, aliliweka wazo hilo kwa utaratibu wa kisayansi katika kitabu alichokitoa mwaka 1950. Kanuni yake ni fupi: kundi la kweli ni babu mmoja pamoja na wazao wake wote. Kundi la namna hiyo huitwa monofiletiki. Ukimwacha mzao mmoja nje kwa sababu ameota mabawa, hujaandika ukoo. Umeandika orodha ya waliobaki kijijini. Hilo huitwa kundi parafiletiki, na "reptilia" wa madesa yetu, wasio na ndege ndani yake, ndio mfano wake maarufu.

Hapo kuna mtego mwingine. Mjusi na mamba wote wana damu baridi, sawa, lakini hiyo ni sifa ya kale, ya tangu kwa babu wa mbali. Ndugu kumi wakitumia jina moja la babu, jina hilo haliwezi kukuambia yupi kati yao wamezaliwa tumbo moja. Undugu wa karibu unaonekana kwenye sifa mpya, zile ambazo wawili wanazo na wengine hawana.

Nyumba mbili

Zaidi ya miaka milioni 310 iliyopita walikuwapo wanyama ambao yai lao lilikuwa na utando wa ndani unaokilinda kiinitete kisikauke. Waliweza kuzaana mbali na maji. Hao ni amniota, babu zetu wa pamoja. Ukoo huo ukagawanyika nyumba mbili: sinapsida na sauropsida.

Sinapsida walikuwa na tundu moja la fuvu nyuma ya kila jicho, mahali pa kupitisha misuli ya taya. Weka vidole pembeni ya paji la uso, kati ya jicho na sikio, kisha uma meno. Umesikia kitu kinacheza? Msuli huo unashuka kwenda kwenye taya kwa kupita nyuma ya mfupa wa shavu. Uwazi huo ni tundu lile lile la kale. Unatembea nalo.

Kwa hiyo sentensi "mamalia walitokana na reptilia", ambayo wengi tumeikariri, haisimami. Vitabu vya zamani viliwaita mababu zetu "reptilia wanaofanana na mamalia", na jina hilo sasa limeachwa. Dimetrodon, yule mwenye tanga mgongoni anayechorwa pamoja na dinosaria, hakuwa dinosaria wala reptilia. Ni wa nyumba yetu, na alitoweka kabla dinosaria wa kwanza hawajatokea.

Kwenye nyumba ya sauropsida, mjusi na nyoka wako tawi moja pamoja na tuatara wa New Zealand. Mamba yuko tawi jingine, arkosauria, pamoja na dinosaria. Na ndege ni dinosaria waliosalia. Kobe wamesumbua watu muda mrefu, maana fuvu lao halina matundu hayo, lakini ushahidi wa DNA unawaweka jirani na mamba na ndege. Mtazame mamba mwenyewe: moyo wake una vyumba vinne, kama wa kuku, wakati wa mjusi una vitatu. Mama mamba hulinda kiota, husikia watoto wakilia ndani ya mayai, huwafukua na kuwabeba mdomoni mpaka majini. Mfugaji wa kuku hatashangaa sana.

Ushahidi wa sikio

Utauliza: tunajuaje kuhusu sinapsida na sisi? Jibu liko sikioni mwako. Mamalia tuna vijifupa vitatu ndani ya sikio. Mjusi, mamba na ndege wana kimoja. Taya ya chini ya mamalia ni mfupa mmoja kila upande. Ya reptilia ni mifupa kadhaa. Mwaka 1837 Mjerumani Karl Reichert, akichunguza viinitete, aliona kwamba viwili kati ya vijifupa vyetu vya sikio vinalingana na mifupa ya kiungo cha taya cha reptilia. Baadaye visukuku vikaonyesha safari yenyewe. Morganucodon, aliyeishi takribani miaka milioni 200 iliyopita, alikuwa na viungo vyote viwili vya taya, cha kale na kipya, kwa wakati mmoja. Mifupa iliyokuwa ikitafunia ndiyo tunayosikilizia muhadhara.

Nyumba zote mbili zimelala kwetu pia. Katika miamba ya Manda, bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, Mwingereza F. R. Parrington alikusanya visukuku mwaka 1933. Humo kuna Scalenodon, sinapsida wa upande wetu. Humo humo kuna Teleocrater, jamaa wa kale wa dinosaria na ndege. Huyu alielezwa rasmi mwaka 2017 tu, baada ya mifupa mingine kupatikana huko huko. Alikuwa wa tawi la ndege, lakini alitembea kwa miguu minne na kifundo chake cha mguu kilikuwa kama cha mamba. Yaani ushahidi wa lile swali la kimbweta umetoka kwenye udongo wetu, na sisi tulikuwa tunabisha bila habari.

Ukikutana nalo kwenye mtihani

Usianze na orodha ya sifa. Anza na mti: amniota, matawi mawili, nani yuko wapi. Kisha kwa kila tawi taja sifa mpya inayolithibitisha, si ya kale. Ukiulizwa ndege ni reptilia au la, eleza kwanza kundi unalifafanuaje, ndipo ujibu. Alama ziko kwenye hoja.

Wazee walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Walikuwa wanasema tabia za watu, lakini kanuni ya Hennig ni hiyo hiyo: mzao habadilishi ukoo kwa kubadili umbo. Mtoto wa reptilia ni reptilia, hata akiota manyoya ya kurukia na kuwika alfajiri. Mwenzetu wa kimbweta alilijua hilo. Sisi wanne tulikuwa tumekariri.