Vidokezo 9 Kabla Hujanunua Discovery au Range Rover Sport ya Mtumba

Discovery 3, Discovery 4 na Range Rover Sport za toleo la kwanza, lile la 2005 hadi 2013, ni magari matamu. Yanatulia kwenye lami, yanapita kwenye matope, na siku hizi mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuota kuwa nalo moja. Ila kilichoshuka bei ni gari lenyewe. Kompresa, gia boksi na injini zake bado zinauzwa kama za gari la kifahari. Kagua haya kabla ya kutoa pesa.

1. Likute gari likiwa la baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike, na ukifika anza kwa kugusa boneti. Injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Kwenye V8 ya petroli ya lita 5.0, mlio wa kukwaruza sekunde za mwanzo huashiria minyororo ya taimingi iliyolegea, na kuifikia ni lazima kufungua sehemu yote ya mbele ya injini. Injini hiyo hiyo ina mabomba ya plastiki ya kupitisha kulanti, ambayo hukakamaa kwa joto na kupasuka. Ukiona alama za maji yaliyokaukia pembeni ya injini, usikubali kuambiwa ni maji ya kuoshea gari.

2. Lilaze usiku mmoja kwenye sakafu iliyonyooka. Hapa ndipo wengi wanapofilisika, kwa hiyo usiwe na haraka. Nyingi ya gari hizi hazikai juu ya springi, zinakaa juu ya shokapu nne za upepo zinazojazwa na kompresa moja. Mpira wa shokapu ukizeeka hupasuka kwenye mikunjo. Upepo unavuja kidogo kidogo, kompresa inafanya kazi kila mara ili kufidia, mwisho nayo inaungua. Ndiyo maana mtu ananunua kompresa mpya na haimalizi mwaka: alituliza homa akaacha malaria.

Chukua futi, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena. Gari zima kushuka kidogo si tatizo. Kona moja ikilala, au gari zima likikaa chini kabisa, kuna panapovuja. Liwashe, linyanyue mpaka juu, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye mikunjo ya mpira. Povu litakuonyesha penye ufa. Na usiingie kamwe uvunguni mwa gari linalobebwa na upepo peke yake. Weka stendi.

Kuna mafundi watakaokushauri utoe mfumo wote ufunge springi za kawaida. Inawezekana, na vifaa vyake vinauzwa, lakini unapoteza kile kile kilichokufanya ulitamani gari hili. Mimi ningeanza na shokapu zilizochoka, mbili mbili, ndipo niiangalie kompresa.

3. Uliza habari za oili kuliko habari za rangi. Dizeli ya V6, ile ya lita 2.7 iliyokuja na Discovery 3 mwaka 2004 na ile ya lita 3.0 iliyofuata mwaka 2009, ina ugonjwa unaojulikana na kila fundi wa Land Rover: kukatika kranki. Beringi ya kranki inazunguka kutoka mahali pake, inaziba tundu la oili, chuma kinasagana na chuma. Mara nyingi hakuna taa yoyote iliyokuonya kabla. Kule Uingereza kubadilisha injini hii hugharimu maelfu ya pauni, na magari yenye bodi safi kabisa huishia kuuzwa vipande vipande kwa sababu matengenezo yanazidi thamani ya gari.

Kitabu cha gari kinaruhusu zaidi ya kilomita 20,000 kati ya sevisi moja na nyingine. Kwa vumbi, joto na foleni zetu, usipite 10,000, na tumia oili ya 5W-30 yenye sifa zilizotajwa kitabuni, si ile ya kupimiwa kwenye pipa. Kabla ya kununua, omba fundi wako atoe kichujio cha oili. Afungue mikunjo yake, aipanguse kwa kitambaa cheupe na kuiangalia juani. Ukiona chembe zinazometameta, mshukuru muuzaji na uondoke.

4. Mikanda ni miwili. Wengi wanajua taimingi belti ya mbele ya dizeli hizi. Nyuma ya injini kuna mwingine mdogo unaoendesha pampu ya dizeli, na huo husahaulika. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba yote miwili haijabadilishwa, na uipunguze gharama hiyo kwenye bei mnayokubaliana.

5. Oili ya gia boksi haidumu milele. Watu huambiwa gia boksi hii imefungwa na haiguswi. Watengenezaji wake, ZF wa Ujerumani, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sampu ya chini ni ya plastiki na imeungana na kichujio, hivyo vinabadilishwa pamoja. Ukiendesha ukasikia gari linashtuka kila gia inapoingia, bei ishuke au uache.

6. Vuta handbreki. Ni ya umeme. Ikilia kama chuma kinachokwaruzwa, haijarekebishwa muda mrefu, na vumbi limejaa ndani ya ngoma zake. Kuirekebisha mapema ni kazi ndogo. Mota yake ikifa ni pesa nyingi.

7. Mimina kikombe cha maji kwenye mfereji wa sanruf. Yanapaswa kutokea chini ya gari. Vumbi likiziba mirija yake, maji ya mvua hushuka ndani ya nguzo mpaka kwenye zulia, na chini huko kuna nyaya na soketi. Inua zulia la mbele unuse. Harufu ya uvundo ni mwanzo wa matatizo ya umeme yasiyoisha.

8. Fundi kwanza, gari baadaye. Kubadilisha turbo kwenye magari haya mara nyingi kunalazimu bodi nzima inyanyuliwe kutoka kwenye chesisi, kwa hiyo unahitaji gereji yenye lifti na mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Unahitaji pia mwenye mashine inayosoma Land Rover kwa undani, si ile ndogo ya kufuta taa. Taa zinafutwa dakika chache kabla hujafika, basi liendesheni nusu saa ndipo lipimwe. Betri ichunguzwe kwanza: ikiwa dhaifu, dashibodi hujaa makosa ya uongo, na watu wamebadilisha spea nzima zisizo na kosa.

Na kama safari zako zote ni za foleni, angalia kama dizeli unayoitaka ina kichujio cha masizi kwenye eksozi, kwa maana Discovery 4 nyingi zinacho. Hicho kinahitaji mwendo wa barabara kuu ili kijisafishe.

9. Soma historia, kisha pima mfuko. Gari lililotoka Uingereza lina rekodi ya ukaguzi wa kila mwaka, uitwao MOT, na yeyote anaweza kuisoma bure kwenye tovuti ya serikali ya huko kwa kutumia namba ya usajili ya zamani. Utaona maili za kila mwaka na kasoro zilizotajwa. Kama maili zilikuwa 120,000 na dashibodi leo inasema kilomita 90,000, mazungumzo yameisha.

Likipita yote hayo, weka kando robo ya bei ya gari kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. La milioni 40, milioni 10 zibaki benki. Kati ya Sport ya 3.0 inayong'aa isiyo na karatasi na Discovery 3 iliyochubuka yenye bahasha ya risiti, chukua Discovery. Na kama hiyo robo huna, nunua Prado.