Kozi Yako Ikifutwa Ukiwa Mwaka wa Pili

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ile TUKI tuliyoizoea, na Idara ya Kiswahili. Ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Wako waliosema TUKI imekufa, lakini kazi iliyoanza na kamati ya lugha ya mwaka 1930, ikatupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, haikukatika. Ilibadilisha jina, na watafiti wakawa chini ya paa moja na walimu. Nimeanza na mfano huu kwa sababu watu wengi wakisikia chuo kinafuta kozi au kinafunga kituo hudhani ni hasira ya mkubwa fulani. Kwa kawaida ni safari ndefu ya makaratasi, na mwanafunzi au mzazi anayeijua njia yake hababaishwi.

Programu huanzia idarani. Wahadhiri wakiona pengo, huwauliza waajiri, wahitimu na vyama vya taaluma, kisha huandika mtaala. Andiko hilo lazima lioneshe mhitimu ataweza kufanya nini, nani atafundisha na ana sifa gani, maabara iko wapi, vitabu vipo au havipo, na fedha zitatoka wapi. Hupita kwenye bodi ya kitivo au ndaki, likafika Seneti. Hapo bado halijamaliza. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ndiyo yenye neno la mwisho kabla mwanafunzi wa kwanza hajadahiliwa.

TCU hudai, pamoja na mengine, shahada ya kwanza iwe na krediti zisizopungua 360. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo ni saa 3,600 za mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea. Ukikutana na tangazo la shahada ya kwanza ya haraka haraka, piga hesabu hiyo kabla ya kulipa ada. Halafu fungua mwongozo wa udahili ambao TCU hutoa kila mwaka, utafute jina kamili la programu pamoja na jina la chuo. Chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kila kozi yake imeidhinishwa. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, nayo hufuata programu zinazotambuliwa. Kwa fani kama uhandisi au uuguzi, uliza pia bodi ya usajili wa taaluma hiyo, kwa maana shahada isiyokubalika huko itakuacha na cheti mkononi bila leseni ya kazi.

Kufunga ndiko kunakoumiza, na huko ndiko watu hupata maelezo machache zaidi. Sababu zinajulikana: waombaji wamepungua, maprofesa wamestaafu bila warithi, kozi mbili zinafundisha jambo lilelile. Wakati mwingine ni kukua tu. Kitivo cha Kilimo kilichokuwa Morogoro kilijitenga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Njia ya kufunga ni ileile ya kufungua: idara, bodi, Seneti, na TCU kuarifiwa. Utaratibu wa haki ni kusimamisha udahili mpya kwanza, na waliomo ndani wafundishwe hadi wamalize.

Maneno hayo, "hadi wamalize", yadai kwa maandishi. Anayefaulu kila mtihani hatapata shida. Mwenye shida ni yule wa sapu, yaani mtihani wa marudio, aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi, anayedaiwa somo la mwaka wa kwanza ambalo mwakani halitafundishwa tena kwa sababu hakuna darasa nyuma yake. Mwendee mkuu wa idara mapema, kupitia serikali ya wanafunzi kama mko wengi, umuulize: somo hilo litafundishwa mara ya mwisho lini? Nikihamia programu jirani, krediti zangu zipi zitapokelewa? Cheti kitaandikwa jina gani? Mkopo wangu utanifuata? Jibu la mdomo koridoni halitoshi. Omba barua.

Vituo vya utafiti vina udhaifu wao. Vingi huanzishwa kwa fedha za mradi wa mfadhili, na mradi ukiisha, mkurugenzi hurudi idarani, dereva na wakusanyaji data hurudi nyumbani. Ndiyo maana hati ya kuanzisha kituo, ile inayopelekwa Seneti na Baraza la Chuo, inapaswa kusema tangu siku ya kwanza nani atalipa mishahara mfadhili akiondoka, na kituo kitapimwa baada ya miaka mingapi. Mimi ningeongeza sharti moja, nalo nalishikilia kwa moyo wote: iseme kumbukumbu zitakwenda wapi. Nyumba na mashine hugawanywa kwa orodha ya mali. Kanda za sauti za wazee, madaftari ya uwandani na madodoso hubaki kabatini hadi mchwa wayakute. Kabla mlango haujafungwa, yapelekwe maktaba ya chuo, yaorodheshwe, na kijiji kilichotoa maelezo hayo kipewe barua inayotaja yamehifadhiwa wapi na nani aombwe ruhusa ya kuyaona.