Mbegu ya Pamba na Uzazi wa Wanaume

Sisi wa Nyasubi twaishi katika nchi ya pamba, nasi yatupasa kuijua mbegu yake. Huko China palikuwa na vijiji vilivyokosa watoto wachanga. Ikaonekana ya kwamba watu walipikia mafuta ghafi ya mbegu hizo, yenye sumu iitwayo gosipoli. Basi waganga wakaifanya dawa ya wanaume ya kupanga uzazi. Tangu miaka ya 1970 wanaume zaidi ya 8,000 waliijaribu, na baadaye wengine hata Kenya. Mimba zilizuilika kweli. Lakini wengine walipungukiwa potasiamu mwilini, wakalegea. Na wengine, walipoiacha, uzazi haukuwarudia. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani likashauri utafiti huo ukome. Mafuta yakisafishwa vema kiwandani, gosipoli huondoka. Yaliyokamuliwa tu bado yanayo.