Diski ya Shilingi 500 Inapofika Wote: Kununua Filamu Kutoka Ng'ambo kwa Mtandao

Filamu ya The First Grader ilitoka mwaka wa 2010. Inasimulia maisha ya Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi. Mhusika mkuu aliigizwa na Mkenya, Oliver Litondo. Hata hivyo, mwalimu wa Wote au Mwingi anayetafuta diski halali ya filamu hiyo huenda akaipata kwa muuzaji wa Uingereza au Marekani kabla ya kuipata dukani mjini kwake.

Wakazi wengi wa Kitui na Makueni sasa wana simu inayofungua duka lolote duniani, na filamu za diski ni miongoni mwa bidhaa zinazoonekana rahisi mno huko. Sababu ni kwamba nchi hizo zinaachana na diski. Netflix, ambayo ilianza kwa kutuma DVD kwa posta, ilituma za mwisho Septemba 29, 2023. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya elektroniki huko Marekani, liliacha kuuza filamu za diski mwaka wa 2024. Soko linapopungua, bei hushuka. Filamu iliyouzwa kwa bei ya juu miaka michache iliyopita sasa inaweza kuuzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Lakini bei hiyo ni ya diski iliyo kwenye rafu huko. Kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kulipa, kuna maswali mawili: je, diski hiyo itacheza katika deki ya nyumbani, na itakuwa imegharimu pesa ngapi ikifika posta?

Swali la kwanza ndilo linalosahauliwa zaidi. Kampuni za filamu ziliigawa dunia katika kanda, na deki nyingi hukataa diski ya kanda nyingine. Kwa DVD, Marekani na Kanada ziko katika kanda ya 1. Uingereza, nchi nyingine za Ulaya, Japani na Afrika Kusini ziko katika kanda ya 2. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na India, iko katika kanda ya 5. Kwa hiyo DVD ya The First Grader iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza kwa kawaida ni ya kanda ya 2, na deki iliyofungwa katika kanda ya 5 itaonyesha tu maandishi ya kusema diski haikubaliki. Diski haina kasoro, deki haina kasoro, na muuzaji ana haki ya kusema alituma kilichoagizwa.

Alama ya kutafuta ni mchoro mdogo wa dunia ulio nyuma ya kasha, wenye namba ndani yake. Namba 5 inafaa. Namba 0 au neno ALL pia linafaa, kwa kuwa diski hiyo haikufungwa kwa kanda yoyote. Kama picha ya nyuma ya kasha haipo kwenye tovuti, mnunuzi amwandikie muuzaji na kumwuliza kabla ya kulipa, na ahifadhi jibu. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu hucheza kanda zote, jambo ambalo ni bahati, lakini bahati hiyo ithibitishwe kwa kusoma kijitabu cha deki au kuazima diski ya ng'ambo na kuijaribu. Anayetegemea kompyuta awe makini zaidi: kifaa cha kusoma DVD kwenye kompyuta kwa kawaida huruhusu kanda kubadilishwa mara tano tu, kisha hubaki kwenye ile ya mwisho daima.

Blu-ray ina mpango wake tofauti, na hapa Mkenya amependelewa. Kanda zake ni tatu, A, B na C, na Afrika imewekwa pamoja na Ulaya katika B. Blu-ray ya Uingereza basi hucheza katika mashine ya Blu-ray iliyonunuliwa Nairobi, wakati ile ya Marekani, ya kanda A, inaweza kukataa. Ila deki ya kawaida ya DVD haisomi Blu-ray ya aina yoyote, hata kama diski zote mbili zinatoshana na kung'aa vilevile. Watu wamewahi kununua kwa kuangalia picha ya mbele tu.

Kuna pia suala la lugha. Wapenzi wa filamu waliozoea masimulizi ya DJ Afro kwa Kiswahili watakuta diski ya ng'ambo haina wa kuwaeleza kinachoendelea. Filamu zilizoagizwa kutoka Ujerumani, zikiwemo za Kenya zilizotengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani, huenda zikawa na maandishi ya Kijerumani pekee chini ya picha. Orodha ya lugha huandikwa nyuma ya kasha, karibu na alama ya kanda.

Sasa pesa. Mzigo wowote unaoingia nchini hupitia forodha, uwe umebebwa na Shirika la Posta la Kenya au na kampuni ya usafirishaji. Afisa wa forodha huanza na bei iliyolipwa kweli, na pale sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inapotaka, huongeza gharama za usafiri na bima. Jumla hiyo ndiyo thamani ya forodha, na ushuru wote huhesabiwa kutoka hapo.

Mfano ni wa mwalimu wa Wote aliyeagiza diski sita kwa Sh500 kila moja, yaani Sh3,000, na kulipa Sh2,000 za usafiri. Ikiwa vyote viwili vimehesabiwa, thamani ya forodha ni Sh5,000. Ikiwa diski zimewekwa katika kiwango cha ushuru wa forodha cha asilimia 25, atadaiwa Sh1,250. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo, yaani juu ya Sh6,250, nayo ni Sh1,000. Ada ya uagizaji inayoandikwa IDF kwenye stakabadhi, kwa asilimia 2.5 ya thamani, ni Sh125. Ada ya ustawishaji wa reli, RDL, kwa asilimia 2, ni Sh100. Nyongeza zote ni Sh2,475. Mzigo wa Sh3,000 umekuwa Sh7,475, na kila diski imefika kwa takriban Sh1,246.

Na hapo bado hajahesabu ada ya Posta ya kushughulikia mzigo, wala makato ya kadi na tofauti ya kubadilisha pesa za kigeni. Viwango vyenyewe hubadilishwa na bunge mara kwa mara, kwa hiyo mnunuzi athibitishe vya wakati huo kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Vituo vya Huduma Centre vya Kitui na Wote ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hesabu hiyo haimaanishi asinunue. Inaonyesha tu kwamba usafiri wa Sh2,000 kwa diski moja ni hasara, na kwa diski sita unaweza kuvumilika. Walimu watatu wakiagiza pamoja hupunguza gharama kwa kila mmoja. Baadhi ya wauzaji wa Uingereza pia huondoa VAT ya kwao ya asilimia 20 mteja akionyesha kuwa anaishi nje ya nchi hiyo, na punguzo hilo huonekana tu baada ya anwani ya Kenya kuandikwa. Wauzaji wengine wakubwa hukusanya makadirio ya ushuru mapema. Katika hali hiyo stakabadhi ihifadhiwe, ili mtu asilipe mara mbili.

Kuna wanaomwomba muuzaji, au jamaa aliye ng'ambo, aandike "zawadi" kwenye fomu ya forodha, au aandike bei ya chini. Kutoa maelezo ya uongo kwa forodha ni kosa kisheria. Mzigo unaweza kutwaliwa, na mwenye jina kwenye bahasha ndiye atakayeulizwa.

Anwani nayo imepoteza mizigo mingi. Mtaa, kijiji au jina la soko pekee havitoshi kwa barua ya ng'ambo. Jina kamili liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha sanduku la posta, kisha msimbo: 90200 kwa Kitui, 90300 kwa Makueni, 90400 kwa Mwingi. Neno KENYA liandikwe mstari wa mwisho. Kwa kampuni za usafirishaji mambo hugeuka: mara nyingi hizo hazipeleki mzigo kwenye sanduku la posta, bali hutaka namba ya simu na mahali panapojulikana. Mkazi wa Mutomo au Kyuso aulize mapema kama kampuni inafika kwake au itamtaka aende Kitui mjini au hata Nairobi, kwa maana nauli hiyo pia ni sehemu ya bei.

Mzigo uliosajiliwa posta hupewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ulikotoka, kwa mfano GB kwa Uingereza au US kwa Marekani. Namba hiyo hufuatiliwa kwenye tovuti ya posta ya nchi ile na ya hapa. Muuzaji anayekataa kutoa namba baada ya kulipwa pesa za usafiri uliosajiliwa tayari ametoa ishara mbaya.

Kuhusu malipo, kadi ya benki au kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa Juni 2022, humwachia mnunuzi njia ya kulalamika mzigo usipofika. Pesa zikitumwa moja kwa moja kwa namba ya mtu, kuzirudisha ni vigumu sana. Namba ya siri na namba ya mara moja inayotumwa na benki hazipewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa benki. Ujumbe wa simu unaosema mzigo umezuiliwa na unahitaji malipo ya haraka kupitia kiungo fulani uchukuliwe kuwa wa kitapeli hadi Posta au KRA ithibitishe. Ushuru wa serikali haulipwi kwenye simu ya mtu binafsi.

Diski zikifika, zigeuzwe na kuangaliwa chini. Filamu iliyochapishwa kiwandani huwa na rangi ya fedha. Rangi ya zambarau mara nyingi ni dalili ya nakala iliyochomwa kwenye kompyuta, na aliyeuziwa nakala kama hiyo kama halisi apige picha mara moja na kudai pesa zake.

Kununua diski kwa kutazama nyumbani ni jambo moja, na kufanya biashara nayo ni jambo lingine. Kijana anayetaka kuuza filamu Kibwezi, au kufungua ukumbi wa video Mwingi na kutoza kiingilio, anahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, kibali cha biashara cha kaunti, na ruhusa ya mwenye hakimiliki. Diski halali iliyolipiwa ushuru haimpi mnunuzi haki ya kuionyesha kwa umma. Shule na makanisa yaulize kabla ya kuandaa maonyesho.

Mambo yakiharibika, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata maelezo ya kutosha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inagusa pia mikataba ya mtandaoni. Ugumu ni kumfikia muuzaji aliye Hong Kong. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kumwandikia muuzaji kupitia tovuti alikouzia, si kwa simu, kisha kuandikia benki au kampuni iliyotoa kadi na kuomba malipo yapingwe kabla muda wake haujaisha. Pale ambapo duka lenyewe lilikuwa la uongo, taarifa ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu ikiwa na picha za tovuti, ujumbe wa malipo, namba ya mzigo na bahasha yenyewe kama ilifika, hata ikiwa tupu.