Kutoka Mwilini hadi Shambani: Polisemia ya Majina ya Vipimo vya Urefu, kwa Mfano wa Singida

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza polisemia ya majina ya vipimo vya urefu vya jadi katika Kiswahili, hususan neno hatua kama litumikavyo mashambani mkoani Singida. Inadaiwa hapa kwamba jina la kipimo liingiapo katika mapatano ya ardhi, wingi wa maana zake hugeuka kuwa tofauti ya eneo linalolipiwa.

2.0 Polisemia na Homonimia

Wanafunzi wengi huchanganya dhana hizi mbili. Neno pole la Kiingereza linafaa kuzitenganisha. Pole yenye maana ya fito imetokana na neno la Kilatini la mti uliochomekwa ardhini. Pole iliyo ncha ya dunia imetokana na Kigiriki. Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa umbo tu, yaani homonimia. Lakini fito hiyo iliwahi pia kuwa kipimo cha wari 5.5, na hapo neno ni lile lile lililopanuka maana: polisemia. Mfasiri wa hati za upimaji za enzi ya Waingereza akutanapo na pole nne asidhani ni fito zozote nne. Ni wari 22 kamili.

Pole ya Kiswahili haina udugu na yoyote kati ya hizo. Humliwaza mfiwa, humstahi atokaye kazini, huelezea mwendo (polepole) na tabia (mpole). Maana hizo zote zimeshikwa na wazo moja la utulivu, nayo ni polisemia halisi.

3.0 Mwili na Kitambaa

Vipimo vya jadi huanzia mwilini: wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari, minne ni pima. Hata mkono una namna mbili: mkono kamili, na mkono konde unaoishia kwenye ngumi. Muuza nguo na mnunuzi walikuwa na sababu ya kutaja ni upi.

Doti imefuata njia ya kinyume. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, iliyopita Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali, ambayo leo imo katika eneo la Manyoni, doti ilikuwa urefu wa mikono 8, na hongo ilihesabiwa kwa doti. Siku hizi doti ni jozi ya kanga. Mkono ulitoka kwenye kitu ukawa kipimo. Doti imetoka kwenye kipimo ikawa kitu.

4.0 Hatua

Hatua ni mwendo wa mguu, ni daraja la jambo, ni uamuzi unaochukuliwa. Katika vijiji vingi vya Tanzania, Singida ikiwamo, ni kipimo pia: ekari ni hatua 70 kwa 70. Kanuni hii si ya kubahatisha. Ekari ni wari mraba 4,840, na 70 kwa 70 ni 4,900. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa ni ya wari moja, yaani mikono miwili, ambayo ni mguu uliotanuliwa kuliko mwendo wa kawaida.

Tatizo huzuka sharti hilo lisipotamkwa. Apigaye hatua za sentimita 75 hupata mita mraba 2,756, yaani ekari 0.68. Wengine husema mita 70 kwa 70; hao hupata mita mraba 4,900, ambazo ni ekari 1.21. Mkodishaji wa shamba la alizeti na mkodishwaji wanaweza basi kutamka ekari moja kwa nia njema, na bado wakaachana kwa zaidi ya nusu ekari. (Si ajabu kwamba kila mmoja hupenda kupima kwa miguu yake.)

Kileksikografia, haitoshi kidahizo hatua kuongezewa maana ya kipimo. Fasili itaje wari moja, na mfano wa matumizi uwe wa shamba. Kwa waandikao mapatano ya ardhi vijijini, maneno machache yanatosha: hatua 70 kwa 70, kila hatua wari moja, zilizopimwa kwa kamba mbele ya pande zote mbili.