Somo la Robo Hii: Joto Linavyosafiri Tunapomkanda Mgonjwa



Wahudumu wetu wa wagonjwa majumbani huwachua na kuwakanda wazee wenye maumivu ya mgongo na magoti. Mwaka jana mzee mmoja mwenye kisukari alitoka malengelenge mguuni baada ya kukandwa. Mhudumu alitueleza kuwa maji hayakuwa ya moto sana, kwani mzee mwenyewe hakulalamika. Hakulalamika kwa sababu nyayo zake zilikwisha kufa ganzi. Ndipo tukaona tujifunze kwanza habari za joto lenyewe.

Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, kwa njia tatu. Mnururisho ni lile joto la jua au la makaa linalotufikia bila sisi kugusa kitu. Mpitisho ni wa kugusana: kitambaa cha moto huwekwa juu ya ngozi, ambayo kwa kawaida ina nyuzijoto kama 33, na joto likaingia. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo kitambaa kinachochuruzika maji huunguza upesi kuliko kikavu, hata vikiwa na joto sawa. Njia ya tatu ni msafara, na hapo ndipo mwili hujilinda: damu inayopita hulibeba joto na kulisambaza. Mishipa hutanuka, misuli hulegea, na anayechua hufanya kazi nyepesi. Lakini kwa mzee ambaye damu haifiki vizuri miguuni, joto hurundikana pale pale lilipowekwa.

Muda nao ni muhimu. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza vibaya kwa sekunde 5 tu. Ya nyuzi 40 huvumilika dakika 15. Kiganja kilichozoea sufuria si kipimo. Mhudumu apime kwa kiwiko, na bora zaidi kwa kipimajoto. Sehemu yenye ganzi, iwe kwa kisukari au ukoma, isikandwe kwa moto kabisa. Mguu mmoja uliovimba ghafla usichuliwe wala kukandwa. Mgonjwa apelekwe zahanati.

Sharika kadhaa zimeomba mipira ya maji ya moto. Sisi tunaona kipimajoto kitangulie katika bajeti ya diakonia, nacho si ghali.

Kidonda cha mzee kilichukua miezi mitatu kupona. Mhudumu yule yule ndiye aliyekuwa akikisafisha.