Mabanda ya Gulio la Weyhill

Wasomaji wengi walijua gulio: ni mahali pa wazi ambapo watu hukutana siku iliyowekwa kuuza na kununua, na jioni pakawa patupu tena. Uingereza nayo ilikuwa na magulio yake, na yaliyo makuu yalifanywa mara moja tu kwa mwaka. Mojawapo lilikuwa Weyhill, katika jimbo la Hampshire, maili 3 hivi magharibi ya mji wa Andover.

Gulio hilo lilikuwa la kale. Mtunga mashairi William Langland alilitaja katika karne ya 14. Lilifanywa mwezi wa Oktoba, baada ya mavuno. Kondoo ndio waliolipa sifa. Daniel Defoe, aliyeandika habari za safari zake katika miaka ya 1720, alisikia kwamba huenda kondoo 500,000 wakauzwa katika gulio moja, naye akaona shida kuamini. Tena paliuzwa farasi, jibini na hopsi, yaani maua makavu yatiwayo katika bia ili iwe na uchungu. Hata watafuta kazi walikuja: mchungaji alichomeka sufu katika kofia yake, na mwendesha magari ya farasi akachomeka kamba ya mjeledi, ili kazi yake ijulikane bila kuulizwa.

Sasa tuangalie majengo. Mazizi ya kondoo yalikuwa ya fito zilizosukwa. Gulio likiisha, yaling'olewa. Lakini hopsi huharibika kwa unyevu, na Oktoba ya Uingereza ni miezi ya mvua na ukungu. Kwa hiyo wenye hopsi walihitaji mabanda ya kudumu, yenye kuta na mapaa.

Reli, na baadaye malori, ziliwapeleka wanyama kwenye masoko ya mijini, na gulio likapungua mwaka hata mwaka. La mwisho lilifanywa mwaka 1957. Mabanda ya hopsi yalibaki, yakageuzwa kuwa karakana na maduka ya mafundi wa kazi za mikono.

Basi mgeni ayaonaye mabanda hayo peke yake angedhani kwamba Weyhill lilikuwa gulio la hopsi, wala asiwaze kondoo. Atakaye kujua historia ya mahali asiyatazame majengo tu. Na awaulize wazee pia ni mali gani iliyolala nje.